Maktaba Nzuri za Dunia na Hewa Kavu ya Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, wakutubi wenzangu, walimu, wazazi, na ninyi vijana mnaosomea usanifu wa majengo: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wenyeji wetu wa hapa, mbukwenyi.

Nimeombwa nizungumzie maktaba nzuri za dunia, zile ambazo mtu akijaliwa nauli na nafasi ingefaa azitembelee. Ni mada ninayoipenda kwa moyo wote, kwa kuwa nimeitumikia kazi ya ukutubi kwa muda mrefu wa maisha yangu, na kati ya maktaba nitakazozitaja leo zipo nilizoziona kwa macho na zipo nilizozijua kwa kusoma. Lakini kabla hatujavuka bahari, naomba mniruhusu nianzie katika shule moja ya kijijini, kwenye kabati la mbao lililokuwa na kufuli.

Nilikuwa darasa la tano. Vitabu vya ziada vya shule vilikuwa vichache, na mwalimu wetu, ambaye aliviheshimu sana, alivifungia ndani ya kabati hilo kwa kuhofia wizi. Siku tuliyorudi kutoka likizo ndefu alinituma nimletee kitabu cha hadithi. Nilipofungua kabati niliona vitabu vimesimama wima katika safu yake, migongo imeelekea nje, kama tulivyoviacha. Nikavuta kimoja, kikaja mkononi chepesi kama kibuyu kikavu. Nilipofunua jalada, ndani hamkuwa na kitabu tena, bali vijia vya udongo vya mchwa vilivyopanda kutoka sakafuni, na pembezoni vipande vyembamba vya karatasi vyenye herufi mbili tatu kila kimoja. Tulivitoa vyote, na vyote vilikuwa hivyo. Mwalimu alikaa kwenye dawati la mbele, akavipanga mapajani majalada matupu kimoja baada ya kingine, na siku ile hakufundisha.

Kufuli lile lilimwogopa mwizi, na mwizi hakuja. Adui alikuwa chini ya sakafu ya udongo, na hakuna aliyemfikiria. Tangu siku ile, ninapoingia katika maktaba yoyote, iwe ya wilaya au ya kifalme, swali langu la kwanza ni lile lile: aliyejenga hapa aliogopa nini? Na nimeona, ndugu zangu, kwamba maktaba zinazosifiwa duniani kwa uzuri nyingi zina mjenzi aliyelijibu swali hilo kwa makini, hata uzuri wenyewe ukazaliwa humo humo ndani ya jibu.

Tazameni Coimbra, nchini Ureno. Katika chuo kikuu cha mji huo ipo maktaba inayoitwa Joanina, iliyojengwa kati ya mwaka 1717 na 1728 katika enzi ya Mfalme João wa Tano. Wageni humiminika kuona nakshi za dhahabu, rafu zinazopanda hadi karibu na dari na picha zilizochorwa juu ya dari hiyo. Mimi kinachonivutia zaidi ni ukuta. Kuta za jengo hilo zinazidi unene wa mita 2, kwa hiyo joto la mchana na baridi ya usiku haviwafikii wanaosoma wala vitabu vyao, na hewa ya ndani hukaa takriban ile ile mwaka mzima. Halafu kuna popo. Ndani ya maktaba hiyo wanaishi popo wadogo, na usiku, watu wakishaondoka, hutoka kuwinda wadudu ambao wangetafuna karatasi na ngozi za majalada. Kila jioni watumishi hufunika meza za zamani kwa ngozi ili zisichafuliwe, na kila asubuhi hufunua na kufagia. Nimeitafakari mara nyingi kazi hiyo ya jioni na asubuhi, ya kufunika na kufunua meza, na naamini kwamba bila mikono hiyo dhahabu yote ile ingekuwa kama majalada yaliyobaki mapajani mwa mwalimu wangu.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Yale, wao waliogopa mwanga. Jua hupausha wino na kuzeesha karatasi, na vitabu vilivyokusudiwa kutunzwa pale, katika maktaba ya Beinecke iliyofunguliwa mwaka 1963, ni vya kale na adimu. Msanifu, Gordon Bunshaft, aliamua asiweke madirisha. Badala yake alijaza kuta kwa mabamba ya marumaru yaliyokatwa membamba, yenye unene wa sentimita 3 hivi, kiasi kwamba jua likipiga nje, ndani hupenya mng'ao wa rangi ya asali unaoonyesha mishipa ya jiwe. Katikati umesimama mnara wa kioo wenye vitabu takriban 180,000. Hata hivyo mdudu hakukosa kuingia. Mwaka 1977 waligundua mbawakavu wanaotafuna vitabu ndani ya mnara, na wakaamua kuvigandisha vitabu kwa siku 3 katika baridi kali ya nyuzi zaidi ya 30 chini ya sifuri, hadi wadudu wakafa bila sumu kugusa karatasi. Tangu hapo kitabu kipya kinachoingia hupitishwa kwanza kwenye baridi hiyo. Wakutubi wenzangu, nawasihi tusiidharau mbinu hii. Mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri na friza inayogandisha kweli kweli, kwa siku za kutosha, vinaweza kuokoa sanduku la vitabu lililopatwa na wadudu hata hapa kwetu.

Msanifu mwingine wa nchi hiyo, Louis Kahn, alikuwa na hofu ya aina nyingine: alihofia kwamba msomaji angesahauliwa. Katika maktaba ya shule ya sekondari ya Phillips Exeter, iliyokamilika mwaka 1971, aliviweka vitabu sehemu ya ndani palipo na kivuli, akapanga viti na meza ndogo za mbao kuizunguka kingo ya jengo, kila msomaji akiwa na dirisha lake. Mwanafunzi huchukua kitabu gizani akakipeleka penye nuru. Nimewaona watoto wetu wakifanya vivyo hivyo bila kufundishwa: katika chumba chenye meza 20, meza iliyo dirishani ndiyo inayogombewa.

Sasa niruhusuni nikae kidogo Alexandria, kwa kuwa huko nilifika mwenyewe kwa mafunzo ya kazi, na tena ni Afrika.

Mnajua kwamba mji huo wa Misri ulikuwa na maktaba iliyosifika dunia nzima katika zama za wafalme wa ukoo wa Ptolemy, na kwamba maktaba hiyo ilipotea. Mpya ilifunguliwa rasmi mwezi Oktoba mwaka 2002, karibu na mahali panaposadikiwa kuwa ile ya kale ilisimama. Ilisanifiwa na kampuni ya Snøhetta kutoka Norway, iliyoshinda shindano la kimataifa mwaka 1989. Kwa mbali jengo linaonekana kama sahani kubwa ya duara, yenye kipenyo cha mita 160, iliyoinamishwa kuelekea bahari ya Mediterania, upande mmoja umezama ardhini na upande mwingine umepanda juu, mfano wa jua linalochomoza. Ukuta wa nje ni wa matale ya kijivu kutoka Aswan, nao umechongwa herufi za maandishi ya aina takriban 120 za dunia. Hazikupangwa zisomeke kama sentensi. Ni herufi tu, kubwa na ndogo, na wageni huzunguka wakitafuta za kwao.

Nilichokwenda kukitazama, hata hivyo, ni mwanga. Jua la Misri tunalifahamu, ni ndugu wa jua la Dodoma. Paa la maktaba ile limejaa matundu ya vioo, na mtu angetarajia kwamba wanaosoma chini yake wangeungua. Lakini matundu hayo yamejengwa kama kope za jicho lililofumbuka nusu, na yameelekezwa kaskazini, kwa hiyo nuru huingia kwa kuteleza na jua lenyewe halikiangukii kitabu. Nilichagua meza kwenye mojawapo ya sakafu zinazoshuka ngazi kwa ngazi kuelekea chini, nikafungua daftari langu saa sita mchana, nikanyoosha mkono juu ya ukurasa. Kivuli cha mkono kilikuwa hafifu mno, hakina kingo. Pembeni yangu msichana mmoja alikuwa amelaza shavu juu ya kitabu cha hesabu, amesinzia, na mtumishi aliyepita na toroli ya vitabu alipunguza mwendo ili magurudumu yasimwamshe. Nikasema moyoni kwamba hapa pamejengwa na mtu aliyewahi kusoma juani.

Mwezi Januari mwaka 2011, Misri ilipopata msukosuko wa mapinduzi na polisi wakatoweka mitaani, vijana wa Alexandria walishikana mikono wakaizunguka maktaba hiyo ili isivamiwe. Walitandaza bendera kubwa ya nchi yao kwenye ngazi zake. Vioo vyote vile, ambavyo jiwe moja lingetosha kuvivunja, vilisalimika. Mjenzi hakuweza kuichora hiyo kwenye ramani, lakini alikuwa ameweka milango ambayo vijana wale waliizoea tangu utotoni.

Na hapa sina budi kutaja milango iliyofungwa. Jirani zetu wa Nairobi wana maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye nguzo za kupendeza na sanamu za simba wawili mbele yake. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Baba zetu wangeweza kufagia ngazi zile, kuwapapasa simba wale, kisha wakageuka kurudi. Leo ni maktaba ya umma, na Wakenya wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wamejitolea kuikarabati pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Mimi naiweka katika orodha yangu ya maktaba za kutembelewa kwa sababu hiyo, na ninawashauri mnaokwenda Nairobi kwa basi mpite hapo kabla ya kwenda madukani.

Nitakwenda haraka juu ya nyingine. Mjini Dublin, katika Chuo cha Trinity, upo ukumbi mrefu wa karibu mita 65 uliojengwa kati ya mwaka 1712 na 1732. Tangu mwaka 1801 maktaba hiyo ina haki ya kisheria ya kupewa nakala ya kila kitabu kinachochapishwa Uingereza na Ireland, vitabu vikafurika, na mwaka 1860 ikabidi paa linyanyuliwe ili kuongeza ghorofa ya rafu. Dari lile la mbao lenye umbo la pipa, ambalo watu husafiri kwenda kulipiga picha, lilitokana na kukosa nafasi. Huko St. Gallen, Uswisi, juu ya mlango wa maktaba ya watawa pameandikwa kwa Kigiriki maneno yenye maana ya tiba ya roho, na mgeni huvaa ndala za kitambaa kizito juu ya viatu vyake ili asiikwaruze sakafu ya mbao. Na mjini Tianjin, China, ipo maktaba ya mwaka 2017 ambayo picha zake zimezunguka dunia, ngazi nyeupe zikipanda kama mawimbi. Naitaja kwa masikitiko, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitabu vinavyoonekana kwenye rafu zake za juu ni picha tu za migongo ya vitabu zilizochapwa kwenye mabamba. Mtoto akinyoosha mkono atagusa bati. Nilipoiona mara ya kwanza nililikumbuka kabati la shule yetu.

Wenzangu, nimefika sasa mahali ninapopataka, nako ni jangwani. Chinguetti, nchini Mauritania, ni mji wa mawe na mchanga wenye maktaba za familia ambazo zimetunza miswada kwa karne nyingi katika vyumba vidogo visivyo na umeme. Timbuktu, nchini Mali, ina miswada mingi mno, ya dini, sheria, nyota, tiba na barua za biashara, nayo imedumu katika masanduku ndani ya nyumba za udongo. Wapiganaji walipouteka mji huo mwaka 2012, Abdel Kader Haidara na wenzake waliyajaza masanduku ya bati miswada, wakayasafirisha kwa siri kwa magari na mitumbwi ya Mto Niger hadi mji mkuu, Bamako. Mwezi Januari mwaka 2013, wapiganaji wakiwa wanakimbia, waliichoma moto miswada kadhaa iliyobaki, lakini iliyo mingi ilikuwa imekwisha kuondoka. Ilipofika Bamako likazuka tatizo ambalo wakutubi wa pwani wanalijua vema: hewa ya kule ina unyevu kuliko ya Timbuktu, na karatasi iliyostahimili karne nyingi za joto na mchanga ikawa katika hatari ya ukungu. Tuseme wazi kwamba kilichoilinda miswada ile miaka yote, pamoja na upendo wa wenyewe, ni hewa kavu.

Ndiyo maana nimeona fahari kuzungumza haya Dodoma. Sisi watu wa hapa tumezoea kuuombea radhi ukame wetu mbele ya wageni. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi mingine ni vumbi na upepo. Lakini Maktaba Kuu ya Taifa, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua Dar es Salaam siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1967, imekaa miaka yote hii katika hewa ya bahari. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ilipata jengo jipya kubwa mwaka 2018, ina hazina ya miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambayo hakuna nchi inayoweza kutuandikia upya ikipotea. Kule wanapambana na jasho la hewa kwa viyoyozi na umeme. Hapa, kwa miezi mingi ya mwaka, hewa tunapewa bure.

Wala hatuhitaji kwenda Coimbra kujifunza ukuta mnene. Tembe la Mgogo, lenye paa bapa lililofunikwa udongo mzito, lilimpa mtu ubaridi mchana wa Oktoba miaka mingi kabla ya bati na dari la jipsamu. Na pale Kolo, wilayani Kondoa, michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 imedumu kwa sababu waliochora walichagua mwamba ulioinama, ambako mvua na jua havipigi moja kwa moja. Vijana wa usanifu, kabla ya kufungua kompyuta zenu, nendeni mkakae chini ya mwamba mmoja wa Kolo saa nane mchana, kisha mtoke nje hatua tano. Mtayasikia kwa ngozi yale niliyotumia saa nzima kuyaeleza.

Mjini Helsinki, nchini Finland, maktaba ya Oodi ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru wao, nayo imejengwa kuelekeana na Bunge. Ndani yake mtu anaazima kitabu, anashona nguo kwa cherehani ya umma, anarekodi muziki. Jijini hapa Bunge tunalo. Kwa hiyo siku Dodoma itakapojenga maktaba inayoistahili makao makuu, naomba ielekezwe huko, mbunge akitoka aione na mwanafunzi akiinua macho kutoka kitabuni alione Bunge.

Mengine ninayoomba ni ya fundi. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na zile za mashariki na magharibi ziwe nene na zenye madirisha machache, kwa sababu jua la saa tisa likiingia kwa dirisha la magharibi hakuna pazia linalolitosha. Msingi uwekewe kinga ya mchwa kabla zege halijamwagwa, maana baada ya hapo gharama ni mara nyingi zaidi. Rafu ziwe za chuma, ziinuliwe kutoka sakafuni na zisiguse ukuta, ili mkutubi akipita na tochi kila wiki aone kama kuna kijia cha udongo kinapanda. Mlangoni pawe na bomba na mkeka wa kukung'utia vumbi, kama wenzetu wa St. Gallen walivyofikiria ndala.

Na mbele pawe na baraza pana yenye kivuli na viti vya saruji, yenye taa inayowaka baada ya maktaba kufungwa. Nimewaona wanafunzi wa mji huu wakisoma usiku chini ya taa za vituo vya mafuta, wamekalia matofali, daftari magotini, wakiinuka kila gari linapoingia. Taa hiyo, pamoja na umeme wake, iandikwe katika bajeti ya ujenzi tangu ukurasa wa kwanza, isiachwe kusubiri mfadhili.